Wacheza Mpira kwa Mikono Mitupu

Katika nchi zetu mtoto akipata mpira, hata ukiwa wa matambara yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, shauri lake la kwanza ni kuupiga teke. Katika Marekani sivyo. Huko mtoto wa kiume hutafuta kwanza gongo, na baba yake humrushia mpira nyuma ya nyumba kabla ya jua kutua. Mchezo huo ndio besiboli, na yafaa tueleze kidogo jinsi unavyochezwa, ili wasomaji wetu wafahamu habari tunayotaka kuwapa.

Uwanja una vituo vinne, kimoja katika kila pembe ya mraba, na toka kituo hata kituo ni metre 27 na zaidi. Timu moja hutawanyika uwanjani, watu tisa. Timu ya pili hupeleka mpigaji mmoja mmoja, mwenye gongo mkononi. Adui humrushia mpira, naye huupiga kwa nguvu zake zote, kisha hutupa gongo na kukimbia. Akivizunguka vituo vyote vinne mpaka kurudi pale alipoanzia, timu yake imepata alama moja. Lakini wenzi wa uwanjani wakiudaka mpira kabla haujagusa nchi, mpigaji ametoka. Watatu wakitoka, timu hubadilishana zamu.

Basi, huko Marekani kuna watu wazima, wengine walimu, wengine mafundi, wengine wazee waliokwisha kustaafu, ambao siku za mapumziko hawaendi kuutazama mchezo wa leo pamoja na makelele yake. Huvaa mashati mapana ya kizamani yenye herufi ya klabu yao kifuani, wakaenda kwenye shamba lililofyekwa na kucheza jinsi walivyocheza babu za babu zao, karibu na mwaka wa 1860. Klabu ya namna hiyo iliyo mashuhuri ni ile ya Ohio Village Muffins, iliyoanza mwaka wa 1981 katika mji wa Columbus. Jina lao latuchekesha: zamani « muffin » aliitwa mchezaji dhaifu, yule anayeangusha kila mpira. Walijichagulia wenyewe!

Kila klabu huchagua mwaka wake, na kuzifuata sheria za mwaka ule. Wengi hupenda mwaka wa 1864, kwani ndio wa mwisho ambao mchezaji aliweza kumtoa mpigaji hata akiudaka mpira ulioanguka ndani ya mistari ya uwanja baada ya kudunda mara moja. Mrushaji husimama metre 14 hivi mbele ya mpigaji, wala hautupi mpira toka juu ya bega kama leo. Huurusha toka chini, mkono ukipita karibu na goti, na sheria ya siku zile ilitaka aupeleke mahali panapomfaa mpigaji. Hakuwa mwindaji wa kumtega mwenzake. Mpira wenyewe ngozi yake ni kipande kimoja, kilichokatwa kama ganda la chungwa na kushonwa.

Lakini neno gumu kupita yote ni mikono. Wachezaji wa leo huvaa glavu kubwa ya ngozi. Wale wa 1864 hawakuwa na kitu, na wafuasi wao vilevile hawavai kitu. Mpira wapaa juu, washuka kama jiwe, na mtu mwenye miaka hamsini husimama chini yake na viganja vitupu. Akiushika, hata adui humpigia makofi. Vidole huvimba, pengine huvunjika, lakini juma lifuatalo mwenye kidole hicho huonekana tena uwanjani.

Kuna na mwamuzi, mara nyingi amevaa kofia ndefu nyeusi. Pengine hakuona vema kama mpira ulidakwa au ulidunda mara mbili. Katika vilabu vingi humgeukia mchezaji mwenyewe na kumwuliza: « Bwana, uliushika? » Naye hujibu kweli, hata ikiwa kweli hiyo yaipotezea timu yake alama. Anayetukana uwanjani hulipishwa faini ya senti chache. Wanafunzi wetu, wanaojua jinsi mambo yanavyokwenda mpira ukigusa mkono na mwamuzi asione, watafakari kidogo hapo.

Hata hivyo tusidhani kwamba siku zile zote zilikuwa njema. Katika Philadelphia palikuwa na klabu ya watu weusi, jina lake Pythian, na kapiteni wake alikuwa Octavius Catto, mwalimu wa shule, aliyesaidia kuwapatia watu wake haki ya kupanda katika magari ya njiani pamoja na wazungu. Mwaka wa 1867 klabu hiyo iliomba kuingia katika umoja wa vilabu vya Pennsylvania, lakini haikupokelewa. Mwezi wa Desemba mwaka uleule umoja wa taifa zima uliamua kwamba klabu yenye mtu mweusi, hata mmoja tu, isipokelewe. Tarehe 3 Septemba 1869 timu ya wazungu, Olympic, ilikubali kucheza na Pythian. Pythian walishindwa, 44 kwa 23, lakini walikuwa wamesimama katika uwanja mmoja. Catto aliuawa kwa risasi tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, wakati watu weusi wa mji ule walipokuwa wakienda kupiga kura. Alikuwa na miaka 32. Watu weusi wengine walingoja mpaka mwaka wa 1947 ili Jackie Robinson afungue tena mlango wa timu kubwa za mchezo huo.

Kwa hiyo wapenda mambo ya kale wana kazi ya kuchagua. Sheria ya kudaka kwa mikono wameirudisha, lakini ile ya Desemba 1867 wameiacha kaburini, na twaona wamefanya vema. Wanawake pia hucheza katika vilabu vingi vya namna hiyo. Jambo hilo si geni kama wengine wanavyofikiri, kwani tangu mwaka wa 1866 wasichana wa chuo cha Vassar walikuwa na vilabu vyao.

Zamani mpira mmoja ulitosha kwa mchezo mzima. Jioni, ukiwa umelegea na kuchafuka kwa majani, ulikuwa mali ya washindi, wakaenda nao kwao. Leo nao, zamu ya mwisho ikiisha, timu mbili hupanga mistari, kila moja huishangilia nyingine mara tatu kwa sauti kubwa, kofia juu. Kisha huenda kutafuta maji baridi ya kutia vidole vyao.