Waliopanda Paani

Wanangu, kwa nini vijana wa London walikuwa wakipanda juu ya maghorofa usiku, wamebeba nyaya, nondo na kisanduku cha chuma? Wapangaji waliokutana nao kwenye ngazi waliwadhania wezi. Kumbe ni watangazaji wa redio zisizo na leseni.

Mawimbi ya FM husafiri moja kwa moja, kama mwanga wa kurunzi. Yakikutana na kilima au rundo la majengo, nguvu inapungua. Kwa hiyo mwenye mtambo mdogo anayetaka kusikika mbali hana budi kuupandisha juu. London haina milima ya kutajika, lakini ina maghorofa marefu ya nyumba za halmashauri, mengine yanazidi ghorofa ishirini, na kila moja lina paa lake.

Ujanja wao ulikuwa huu. Studio iliwekwa mahali pengine kabisa, pengine chumbani kwa mtu. Sauti ilirushwa kutoka huko kwa wimbi jembamba mpaka kwenye mtambo wa paani, nao mtambo ukaitawanya mjini. Wakaguzi wa serikali walizunguka na magari yenye vifaa vya kutafuta mawimbi yanakotoka, wakaufikia mtambo, wakaung'oa. Watangazaji? Hawapo! Baada ya siku chache wanasikika tena, kutoka paa jingine. Wala nisiwafiche upande wa pili: mtambo ulioungwaungwa ovyo unaweza kuingilia mawasiliano ya zimamoto au ya ndege, kwa hiyo serikali nayo ilikuwa na hoja.

Sasa, tabu yote hiyo ya nini? Ni kwamba mlango wa halali ulikuwa mwembamba mno. Mpaka 1973 redio halali nchini Uingereza ilikuwa ni BBC tu, yaani British Broadcasting Corporation. Mwaka huo zikaanza LBC na Capital, redio za biashara za London. Familia zilizotoka Jamaika na visiwa jirani zilikuwa mjini humo kwa maelfu, na muziki wao ulitengewa saa chache tu kwa wiki. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1980 bwana mmoja wa mtaa wa Neasden, Leroy Anderson, aliyejulikana kama Lepke, ndugu yake mwimbaji Rita Marley, alianzisha redio yake bila kumwomba mtu ruhusa. Akaiita Dread Broadcasting Corporation, yaani DBC. Mmeona utani wake kwa wale wakubwa wa BBC? Ilikuwa redio ya kwanza ya Waingereza weusi, na ilidumu mpaka 1984.

Miaka kumi baada ya DBC kunyamaza, mashariki mwa London, vijana wadogo wakaanzisha Rinse FM. Wasikilizaji wake walikuwa wakipiga simu ya studio na kukata kabla haijapokelewa. Ndiyo, walikuwa wanabipu! Simu zikijaa, mtangazaji anajua wimbo umependwa, anaurudisha mwanzo. Na salamu zilitolewa kwa majina na mitaa, kama zile kadi za salamu ambazo babu zenu walizijaza na kuzituma Redio Tanzania. Humo ndimo walimokulia wasanii kama Wiley na Dizzee Rascal. Mmoja wa waanzilishi, Slimzee, aliwasumbua wakubwa hata mwaka 2005 akapewa amri ya mahakama ya kumzuia kupanda majengo marefu ya wilaya ya Tower Hamlets. Mnajua kilichofuata? Mwaka 2010 Rinse ilipewa leseni ya redio ya jamii.

Leseni hiyo ilitokana na sheria ya 2004. Inasema kituo kisiendeshwe kwa ajili ya faida, na kioneshe kinawasaidia nini watu wa eneo lake. Vituo vingi vya namna hiyo husikika umbali wa kama kilomita 5 tu. Kikiwa Kariakoo, Dar es Salaam, wa Mwenge hawakipati! Wapo wanaoona udogo huo ni kasoro. Mimi naona ndiyo nguvu yake, maana redio ya nchi nzima haiwezi kukwambia kliniki ya mtaani kwenu leo imehamia ukumbi gani.

Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na vituo vya majaribio, vilivyoruhusiwa 2002. Kimojawapo kilikuwa Desi Radio ya Southall, magharibi mwa London, inayotangaza kwa Kipunjabi. Na hapa nasi tumo. Wapunjabi wengi wa Southall walipitia Afrika Mashariki. Wapo waliozaliwa Nairobi na Kampala, wajukuu wa mafundi wa reli ya Mombasa. Baadhi waliondoka Kenya 1968, wengine walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakipewa siku 90. Fikirini bibi wa familia kama hizo, amehamishwa bara mara mbili, Kiingereza hakujifunza, halafu anafungua redio jikoni na kusikia habari za mtaa wake kwa lugha ya mama yake.

Huko kusini mwa London kuna redio ya Reprezent, inayosikika kwenye masafa ya 107.3. Ilianzia Peckham, na kazi yake ni kuwafundisha vijana utangazaji kwa kuwaweka hewani wenyewe. Baadaye ilihamia Pop Brixton, mahali palipofunguliwa 2015 na kujengwa kwa makontena ya meli. Januari 2018 Harry, mjukuu wa Malkia Elizabeth, na mchumba wake Meghan Markle walikwenda kuitembelea, na magazeti yakajaa picha.

Redio ndani ya kontena, watu wakaona ni jambo jipya. Lakini vijana wa Korogocho, Nairobi, walianzisha Koch FM mwaka 2006, nao studio yao ilikuwa kontena. Tarehe mmezisikia, hesabuni wenyewe nani alitangulia.