Siku ya Mapumziko: Ghala Kwanza, Mlango Baadaye

Askari aliyemaliza zamu za usiku majuma matatu mfululizo ana haki ya kulala. Lakini mvua haingoji likizo ya mtu, wala panya hawana siku ya kupumzika. Hayo ndiyo yaliyomkabili koplo mmoja wa polisi, mwenye shamba nje ya mji wa Masindi nchini Uganda, alipopata siku moja ya mapumziko katika mwezi wa Agosti. Mahindi ya msimu wa kwanza yalikwisha kuvunwa, na mvua za Septemba zilikuwa karibu.

Alfajiri koplo alishika nyundo akaelekea kwenye zizi la mbuzi. Mlango wake ulikuwa umeinama, na kila apitaye njiani aliuona. Mkewe akamwita.

"Baba watoto, mlango huo waonekana, ndiyo maana wakuudhi. Mbuzi tutawafunga kamba. Je, mahindi tutayafunga kwa nini?"

Koplo akaiweka nyundo chini. Hakuwa amesahau kwamba mwaka uliotangulia magunia mawili yaliharibika ghalani, na tangu Aprili mshahara ukawa wa kununulia unga badala ya madaftari na sare za watoto.

Basi kazi ikaanza ghalani. Punje zote kuukuu zilifagiwa zikachomwa moto, kwa kuwa wadudu wa mavuno yaliyopita hujificha humo wakingoja mapya. Miti iliyotobolewa iling'olewa. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoboa hata mti mkavu, na huweza kuishi ndani yake. Kisha koplo akakata madebe makuukuu, akayakunja mfano wa faneli na kuyafunga katika kila mguu wa ghala, mdomo mpana ukielekea chini. Panya apandaye hukuta paa la bati juu ya kichwa chake, akarudi. Tawi la mwembe lililogusa paa la ghala nalo likakatwa, maana lilikuwa daraja lao.

Saa tano koplo alitaka kuyatia mahindi magunia. Aling'ata punje moja, ikapasuka kwa mlio. "Yamekauka haya," akasema. Mkewe hakubishana naye. Alileta chupa kavu yenye kifuniko, akaijaza mahindi hadi theluthi moja, akatia vijiko vitatu vidogo vya chumvi kavu, akaitikisa kwa dakika moja, na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikaganda ubavuni mwa chupa. Maana yake unyevu wa mahindi ulikuwa umepita asilimia 15. Mahindi yakarudishwa juani, juu ya turubai. Hata chumvi isiposhika, siku moja au mbili zaidi za jua zafaa, kwani mahindi ya kuwekwa muda mrefu yatakiwa yashuke hadi asilimia 13.

Yalibaki mahindi yenye kuvu, kiasi cha debe moja. Koplo aliona ni hasara kuyatupa. Akashauri wapewe kuku. Hapo mama alikataa kabisa. Kuvu huweza kuzaa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Huwadhuru kuku vilevile, na ng'ombe akilishwa hupenya hata katika maziwa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Wengi wao walikula mahindi waliyoyalima wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa bado na unyevu. Debe lile likafukiwa shimoni.

Alasiri ilitosha kwa kazi ndogo. Majembe mawili yaliyokuwa yakicheza katika mipini yalitiwa kabari, na msumari wa bati uliolegea jikoni uliondolewa, tundu likazibwa kwa lami. Jioni koplo alioga, akapiga pasi sare yake. Mlango wa zizi ulikuwa bado umeinama, na mbuzi walikuwa wamefungwa kamba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nyumba ina nyufa nyingi na siku ya askari ni moja. Kwa hiyo afadhali baba na mama waketi pamoja usiku wa kuamkia mapumziko, wakaulizana: ni kipi kitakachoharibika kabla ya siku nyingine kama hii kupatikana? Hicho ndicho kitangulie. Na aulizwe kwanza yule ashindaye shambani kila siku, kwani ndiye ajuaye panya wanapitia wapi.