Nchi Ikiomba Kumezwa

Februari 1870, wananchi wa Jamhuri ya Dominika waliitwa kuamua kama nchi yao ijiunge na Marekani. Zaidi ya 15,000 walisema ndiyo. Waliokataa walikuwa 11.

Hesabu hiyo haiaminiki. Rais Buenaventura Báez alikuwa amelemewa na madeni, akiandamwa na wapinzani wenye silaha wakiongozwa na Gregorio Luperón na José María Cabral, na mkataba uliotiwa saini Novemba 1869 ungeiletea serikali yake dola milioni 1.5. Waliothubutu kupinga walitishwa au kufungwa. Tena nchi hiyo ilikwisha kuonja jambo hilo: mwaka 1861 Rais Pedro Santana aliirudisha mikononi mwa Hispania, wananchi wakapigana hadi Wahispania wakaondoka 1865. Watu waliomwaga damu kwa ajili ya uhuru, miaka mitano tu baadaye wapatikane 11 wa kuutetea?

Rais Ulysses Grant wa Marekani aliitaka Ghuba ya Samaná ya nchi hiyo kwa ajili ya meli za kivita. Aliamini pia, na kwa dhati, kwamba Wamarekani Weusi walioteswa Kusini wangepata kimbilio huko. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani, alimuunga mkono. Seneta Charles Sumner, adui mkubwa wa utumwa, alipinga, akihofia hatima ya Haiti jirani. Juni 30, 1870, Seneti iligawanyika 28 kwa 28. Mkataba ulihitaji theluthi mbili, ukafa. Kwangu mimi, Sumner ndiye aliyeona mbali.

Lakini tuseme ridhaa ni ya kweli. Mwaka 1975 Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, katika Pasifiki, vilipiga kura mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa, na karibu asilimia 79 wakachagua kuwa chini ya Marekani. Uraia waliupata 1986. Hata hivyo, mkazi wa Saipan hadi leo hamchagui rais wa Marekani, na mjumbe wake katika Baraza la Wawakilishi hana kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Watu wa Puerto Rico, raia tangu 1917, wako katika hali hiyo hiyo. Mzizi wake ni hukumu za Mahakama Kuu zilizoanza 1901, zilizoruhusu Marekani kumiliki ardhi bila wenyeji wake kupata haki zote za Katiba.

Hapo ndipo penye jeraha: hata wenyeji wakiulizwa wakati wa kuingia, baadaye wanatungiwa sheria na bunge wasilokuwa na sauti ndani yake.

Lakini kuna njia nyingine. Newfoundland, iliyokuwa chini ya Uingereza, ilijiunga na Kanada Machi 1949, baada ya asilimia 52 ya wapiga kura kukubali. Juni mwaka huo huo ilichagua wabunge wake 7 katika Bunge la Kanada, wenye kura kamili. Dola la kidemokrasia lisilokuwa tayari kutoa viti kama hivyo lisipokee nchi ya mtu, hata ikiombwa kwa magoti.