Nywele Zilizopandikizwa na Homoni ya Kiume

Mtu aliyepandikizwa nywele utosini, kisha akaandikiwa na daktari matibabu ya testosteroni, huuliza kwa hofu: je, upara hautarudi? Jibu lategemea ni nywele zipi.

Mwaka 1942 James Hamilton, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alieleza kwamba wanaume waliokosa homoni ya kiume tangu kabla ya balehe hawakupata upara. Walipopewa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo walianza kunyonyoka. Hata hivyo, testosteroni si mkosaji mkuu. Ngozini kimeng'enya huigeuza kuwa dihidrotestosteroni, nayo ndiyo inayodhoofisha mashina ya nywele za utosini hadi yaote malaika tu. Nywele za kisogoni huistahimili, na mwaka 1959 Norman Orentreich alionyesha kwamba hata zikihamishwa hubaki na tabia ya zilikotoka.

Kwa hiyo zilizo hatarini hasa ni jirani zake za asili. Zikitoweka, zilizopandikizwa husalia kama kisiwa. (Nywele mpya nazo hupukutika wiki za mwanzo, na wengi huilaumu homoni bure: mashina yamo, yatachipua baada ya miezi michache.)

Finasteridi hukizuia kimeng'enya hicho. Minoksidili ya kupaka huchochea ukuaji. Zote mbili zikiachwa, faida hupotea. Finasteridi huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mjamzito asiguse vidonge vyake vilivyovunjika. Daktari anayetoa testosteroni ndiye wa kushauriwa kwanza.