Deni la Sura Ishirini na Tatu

Kila mwaka unapoanza, wengi wetu huweka nia. Mmoja asema ataacha sigara, mwingine ataweka akiba, na katika nyumba za Wakristo nia ipendwayo sana ni hii: mwaka huu nitaisoma Biblia yote.

Hebu tuipigie hesabu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, yaani sura tatu na kidogo kila siku. Aanzaye tarehe 1 Januari asikose hata siku moja, huingia Mambo ya Walawi mwezi huo huo ukiisha. Habari za Yusufu na za Bahari ya Shamu zimepita, na sasa ni sheria za sadaka. Hapo wengi hukwama. Mtoto augua, au kazi ya shamba yazidi, na juma moja lapita. Basi adaiwa sura 23. Jioni moja ajaribu kuzilipa zote, asinzie kwenye ya sita, kisha ajiambie, "Mimi ni mvivu, sina imani." Biblia yarudi kabatini hadi Desemba.

Kilichomshinda si zile siku saba. Ni deni, na maneno aliyojiambia. Jirani akimjia na shida kama hiyo, hawezi kumtukana hivyo. Atamkaribisha chai na kumwuliza ni wapi palipomtatiza. Tumeamriwa kumpenda jirani jinsi tujipendavyo, na ajitukanaye kila jioni ana kipimo kibovu.

Wazee wengine watasema huku ni kujidekeza. Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa habari za uchunguzi wao. Wanafunzi walifanya mtihani mgumu wa maneno, na baadhi wakahimizwa kujihurumia kwa yale waliyoyakosa. Hao ndio waliotumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa mtihani wa pili. Ajihurumiaye aweza kulitazama kosa lake, ajitukanaye hulikimbia.

Tena yafaa nia iwe na sababu iliyo yako mwenyewe. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, aliyesema ana umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka mmoja baada ya karo kuondolewa. Alitaka kujua kuhesabu fedha, na kuisoma Biblia mwenyewe ajue kama wahubiri wasema kweli. (Sisi tusemao redioni na tulipokee hilo kwa unyenyekevu.) Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalimwondoa kwake akaishi kambini. Mwaka 2008 alihamia makao ya wazee Nairobi, akajiandikisha tena, darasa la sita, huko Kariobangi. Alifariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kama alitaka cheti tu, alikikosa. Lakini alitaka kusoma, na kila mwaka wa darasani ulimpa sehemu ya alichokitaka.

Basi wewe uliyesimama kwenye Mambo ya Walawi, futa hilo deni lote. Jiulize kwanza wataka nini katika kusoma: kumjua Mungu, au kuwaambia wenzako kwamba umemaliza? Sura tatu zikiwa nyingi, soma moja. Injili ya Marko ina sura 16, nayo yaisha kwa juma mbili na siku mbili; ukikosa siku moja, itaisha siku ya kumi na saba. Wala usiandike tarehe pembeni mwa sura. Weka kipande cha karatasi pale ulipofika, na kesho uanzie hapo.

Kwaherini mpaka juma lijalo.