Fyuzi ya Feni ya Hita: Ampea Ngapi?

Swali linaloulizwa kupita kiasi katika gereji za Isaka, ambako malori hupakia kwenye bandari kavu kabla ya kuelekea Rusumo na nyanda za baridi za Rwanda, ni fyuzi ya ampea ngapi iwekwe ili feni ya hita isiiunguze tena. Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, kwa kuwa fyuzi haikuwekwa kuilinda feni bali waya. Hukatika pale mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwa wakati mmoja na kupimwa kwa ampea, unapozidi uwezo wa waya huo. Kumwuliza fundi ukubwa wa fyuzi kabla ya kumwuliza chanzo cha mkondo huo ni kumziba mdomo shahidi aliyekwisha kuanza kutoa ushahidi.

Imani kwamba fyuzi kubwa ni tiba inastahili kubomolewa hadi msingi, maana ndiyo inayounguza magari. Fundi wa haraka huondoa fyuzi ya kijani ya ampea 30, akaweka ya rangi ya chungwa ya ampea 40, na hiyo nayo ikikata hufunga uzi wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kisha dereva hushukuru na kulipa kwa sababu feni imezunguka. Uzi wa shaba wenye kipenyo cha milimita 1 huyeyuka mkondo unapokaribia ampea 80. Kwa kuwa joto katika waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, ampea 80 zikipita katika waya uliokusudiwa kubeba 30 huzalisha joto takriban mara saba ya lile lililotarajiwa, na muda wote huo uzi wa shaba hukaa kimya katika kisanduku cha fyuzi huku ganda la waya likilainika nyuma ya dashibodi, jicho lisikofika, likiwa limefungwa fungu moja na waya za taa. Wanaojitetea kwamba gari limetembea mwaka mzima na uzi wa shaba bila kuungua wanathibitisha tu kwamba hitilafu haijakomaa.

Hoja ya vumbi ina nusu ya ukweli. Husemwa kwamba chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara za changarawe za migodini huielemea feni, ilhali feni ya ngoma, ile inayovuta hewa katikati na kuitupa pembeni, husukuma hewa kidogo inapozibwa, na mzigo wake hupungua. Madhara ya vumbi yako kwenye bushi, pete inayoshika mhimili wa mota: grisi hukauka, mota huzunguka kwa shida na kuvuta mkondo zaidi, na ikikwama kabisa huvuta mara kadhaa ya kawaida.

Utambuzi wenyewe ni wa dakika chache. Plagi ya mota ichomolewe, fyuzi ya ukubwa sahihi iwekwe, swichi iwashwe: fyuzi ikikata, shoti iko kwenye waya, aghalabu pale unaposuguana na bodi, isipokata, mota ndiyo mtuhumiwa, na ngoma yake izungushwe kwa mkono kuona kama ni nzito. Inayokata papo hapo huashiria shoti, inayokata baada ya dakika kadhaa huashiria mota inayokwama. Badala ya kuteketeza fyuzi moja baada ya nyingine, balbu ya volti za gari hilo iunganishwe mahali pa fyuzi, plagi ikiwa bado imechomolewa, na waya zitikiswe kidogo kidogo. Mwanga mkali unapozimika ghafla, mahali pa shoti pamepatikana, mradi fyuzi hiyo haihudumii kifaa kingine. Fyuzi ambayo plastiki yake imeyeyuka huku uzi wake ukiwa mzima inasema kwamba soketi imelegea, na soketi ndiyo ibadilishwe.

Mota ya mtumba isomwe volti zilizochapwa kwenye ganda kabla ya kulipiwa, kwa sababu mota ya volti 12 ya gari dogo ikifungwa kwenye lori la volti 24 huvuta mkondo kupita kiasi na kukata fyuzi siku hiyo hiyo, hata waya zote zikiwa salama.