Mkeka wa yoga ukaguliwe kabla ya kuvuka Namanga
Mfanyabiashara anayenunua mikeka ya yoga Nairobi kwa wateja wa Arusha asidanganywe na rangi. Alowanishe kiganja, akisukume juu ya mkeka: kikiteleza, mteja ataurudisha. Unene wa milimita 4 hadi 6 huwafaa wengi. Mnene zaidi humyumbisha anayesimama kwa mguu mmoja. Suruali za kubana zivutwe mbele ya mwanga. Zikionyesha vidole, zitaonyesha na mwili mvaaji akiinama.

Kisha kuna ushuru. Cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkeka wa China haupati nafuu hiyo, hata risiti ikiwa ya Nairobi. Asiyepiga hesabu hiyo mapema, faida yake huishia mpakani.